Nilipandishwa kuwa meneja wa wahandisi, na jioni sioni nilichokifanya

"Nimekuwa mhandisi wa programu kwa miaka tisa, na miezi minane iliyopita nilipandishwa kuwa meneja wa timu ya wahandisi saba. Siku yangu nzima huishia kwenye mikutano, na jioni nikijiuliza nimefanya nini sina jibu. Ili nisipitwe na wakati, naandika msimbo, yaani maandishi ya programu, usiku watoto wakishalala, mara nyingi hadi saa saba. Mwenzangu tuliyeanza naye kazi alibaki kwenye ufundi. Sasa ni mhandisi mkuu na analipwa sawa na mimi. Mradi wetu umechelewa na mkurugenzi ameahidi kuniongezea wahandisi watatu, lakini hata hilo halinipi faraja. Nahofia kwamba nikikaa miaka miwili zaidi nitakuwa nimesahau kila kitu na hakuna atakayeniajiri kama mhandisi, na nikirudi sasa kila mtu ataona nimeshindwa. Je, nirudi au nivumilie? Na nikivumilia, njia hii inanifikisha wapi?"

Ndugu msomaji, katika yote uliyoyaandika, lililonishtua si mikutano wala mshahara wa mwenzako, bali ni hizo saa za usiku. Wewe unaziona kuwa kinga ya taaluma yako; mimi naona ndizo zinazokuzuia kujua kama kazi hii inakufaa au haikufai. Tangu upandishwe cheo hujawahi kuwa meneja kamili hata kwa mwezi mmoja, kwa sababu mchana unaifanya kazi mpya ukiwa umechoka, na usiku unairudia ya zamani ukiwa peke yako. Mshika mbili moja humponyoka, na katika hali yako naona zote mbili zimeanza kuponyoka. Kwa hiyo sitakuambia leo urudi au ubaki. Nitakueleza kwanza kwa nini unajihisi hivyo, kisha nitakushauri namna ya kufika mahali ambapo utaweza kuamua mwenyewe na kuuamini uamuzi wako.

Hisia ya kwamba hufanyi kazi ina chanzo kinachoeleweka. Kwa miaka tisa umezoea kupata majibu ya kazi yako ndani ya dakika chache: unaandika kipande cha msimbo, unaendesha majaribio, yanapita au yanafeli, na kabla jua halijazama mabadiliko yako yameunganishwa na ya wenzako, yakiwa na jina lako. Akili huzoea kipimo hicho hadi ikadhani ndiyo kazi yenyewe. Umeneja hauna kitu cha namna hiyo. Ukimwajiri mtu leo, baada ya wiki nyingi za kusoma maombi na kufanya usaili, utahitaji miezi kadhaa zaidi ili kujua kama ulichagua vyema. Ukimwambia mhandisi mwandamizi ukweli mgumu kuhusu namna anavyowakatiza wenzake vikaoni, matunda yake huenda yakaonekana miezi mitatu baadaye, siku ambayo mhandisi mchanga kuliko wote atathubutu kuupinga usanifu fulani wa programu, na ikathibitika kwamba alikuwa sahihi. Jina lako halitaandikwa popote katika tukio hilo, ingawa bila wewe lisingetokea.

Andrew Grove, mmoja wa viongozi walioijenga Intel, kampuni ya kutengeneza chipu za kompyuta, aliandika mwaka 1983 kwamba tija ya meneja ni tija ya kitengo chake, pamoja na ya vitengo jirani ambavyo ushawishi wake unavigusa. Ukilikubali hilo kwa dhati, swali lako la jioni linabadilika. Jiulize ni nani aliyekuwa amekwama asubuhi na sasa anaendelea, ni uamuzi gani uliokuwa ukielea na sasa umepata mtu wa kuusimamia, ni balaa gani limezuiwa kabla halijatokea. Kisha yaandike, mistari mitatu kila Ijumaa inatosha. Baada ya miezi michache utakuwa na kumbukumbu ya kazi ambayo leo unadhani haipo, nayo itakufaa wakati wa tathmini ya utendaji, kwa maana mkurugenzi wako naye hataiona kazi hiyo usipomwonyesha.

Umeandika kwamba "ulipandishwa", na mwenzako "alibaki". Maneno hayo yanabeba dhana inayokuumiza bila sababu. Kutoka uhandisi kwenda umeneja ni kubadili kazi, na katika kazi hiyo mpya wewe ni mwanafunzi wa miezi minane, hata kama una uzoefu wa miaka tisa katika ile ya zamani. Kampuni nyingi za programu zimeweka ngazi mbili zinazopanda sambamba, moja ya usimamizi na nyingine ya ufundi, makusudi ili mhandisi hodari asilazimike kuwasimamia watu ndipo akue na kulipwa vizuri. Ndiyo maana mshahara wa mwenzako unalingana na wako. Hukuzidiwa, wala yeye hakubebwa. Mfumo unafanya kazi kama ulivyokusudiwa.

Dhana nyingine iliyojificha ndani ya hofu yako ni kwamba meneja asiyekuwa fundi bora kuliko wote hana haki ya kuongoza. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kampuni ya Google ilijaribu kuwaondoa kabisa mameneja wa wahandisi, na jaribio hilo lilidumu miezi michache tu, kwa kuwa wafanyakazi wengi mno walianza kumwendea Larry Page mwenyewe, mmoja wa waanzilishi wa kampuni, na masuala ya fomu za gharama na migogoro baina yao. Baadaye kampuni hiyohiyo ilifanya utafiti wa ndani ulioitwa Project Oxygen kuchunguza mameneja wake bora wanafanana katika nini. Tabia nane zilijitokeza. Ya kwanza ilikuwa kuwa mlezi mzuri wa watu katika kazi yao, na ujuzi wa kiufundi ulikuwa wa nane. Wengi huishia hapo wanaposimulia matokeo hayo, na mimi naona wanakosea, kwa sababu ujuzi wa kiufundi ulikuwa wa mwisho lakini ulikuwa ndani ya orodha. Unatakiwa ujue vya kutosha kuwashauri watu wako, kuupima uamuzi wao na kugundua pale makadirio ya muda yanapokuwa matumaini matupu. Ujuzi huo unao, na hauwezi kuyeyuka ndani ya mwaka mmoja.

Sasa nirudi kwenye usiku, maana hapa ndipo pana madhara ambayo huenda hujayaona. Chukua mfano wa mhandisi mchanga aliyetumia siku mbili kuandika sehemu inayopokea malipo na kuyahifadhi kwenye hifadhidata. Saa tano za usiku meneja wake anaifungua, anaona kwamba ombi likitumwa mara mbili mteja atakatwa mara mbili, na badala ya kuacha maoni anaiandika upya yote na kuiunganisha. Asubuhi mhandisi anaikuta kazi yake imefutwa. Hitilafu imeondoka, lakini yeye hajajifunza namna ya kuigundua, na amepata funzo jingine kabisa, kwamba hana haja ya kufikiri sana kwa kuwa bosi atarekebisha. Ikirudiwa mara tatu nne, timu nzima inaanza kumsubiri meneja, na yeye anaanza kulalamika kwamba hawajitumi. Kinachofaa ni kumwandikia swali moja, "Itakuwaje mteja akibonyeza kitufe mara mbili mtandao ukiwa dhaifu?", kisha kufunga kompyuta na kwenda kulala. Asubuhi atalijibu mwenyewe, pengine kwa suluhisho bora kuliko lako.

Kuna hatari nyingine. Kazi ya msimbo ambayo tarehe ya kukabidhi inaitegemea isishikwe na mtu ambaye ratiba yake inaweza kuvurugwa wakati wowote na ugonjwa wa mfanyakazi, dharura ya mteja au kikao cha bajeti. Ukishika kipande cha namna hiyo, siku utakapozidiwa utawakwamisha watu saba.

Sikushauri ukae mbali na ufundi, hasha. Soma mabadiliko ya msimbo ya timu yako kila siku, hata kama si yote. Kaa kwenye mijadala ya usanifu na uulize maswali badala ya kutoa hukumu ya kwanza, kwa sababu neno la meneja likitangulia wengine hunyamaza. Shiriki kikamilifu katika uchunguzi unaofuata kila hitilafu kubwa, maana huko ndiko mfumo unakoonyesha udhaifu wake halisi. Ukiwa na hamu ya kuandika, chukua kazi ndogo isiyo na tarehe, kama vile chombo cha kurahisisha majaribio au ripoti ambayo kila mtu anaiahirisha, na uifanye ndani ya saa za kazi. Wepesi wa vidole utapungua, na vifaa vipya vitakupita kidogo. Uwezo wa kuutazama mfumo na kusema utavunjikia wapi hubaki muda mrefu zaidi, na mara nyingi huongezeka, kwa kuwa sasa unaiona mifumo mingi kwa pamoja.

Kuhusu mikutano, usiichukie yote kwa kipimo kimoja. Mikutano ya kusikiliza taarifa ambazo zingesomwa, ipunguze bila huruma. Kikao cha wawili na kila mhandisi, nusu saa kila wiki, kilinde hata kama kalenda inawaka moto. Kwa watu saba ni saa tatu na nusu, na sijui saa nyingine katika wiki ya meneja zenye faida kubwa kuliko hizo. Kikao hicho si cha kuuliza kazi imefikia wapi. Ni cha mhandisi mwenyewe. Kwa wiki za kwanza atakuambia mambo yako sawa, na ukiishia hapo hutajua kitu. Badili swali. Muulize, "Ni sehemu gani ya kazi yako ambayo ungefurahi kumpa mtu mwingine kesho asubuhi?" Kisha nyamaza, hata kama kimya kinakukera. Watu wengi hutazama pembeni kidogo, halafu hutaja jambo ambalo hawajawahi kulisema kikaoni: kwamba zamu ya dharura inawaamsha usiku kwa tahadhari za mfumo zisizo na maana, au kwamba mwenzao fulani hajibu maombi ya kupitia msimbo kwa siku tatu nzima. Tahadhari hizo zikipunguzwa mwezi huo, umemzuia mtu mmoja kuandika barua ya kuacha kazi. Hiyo ndiyo kazi unayosema huioni.

Nije kwenye wale wahandisi watatu, kwa sababu naona umelipita jambo hilo kwa sentensi moja wakati huenda ndilo jaribio lako kubwa la umeneja mwaka huu. Frederick Brooks, aliyesimamia utengenezaji wa OS/360, mfumo endeshi (programu kuu inayoendesha kompyuta) wa kampuni ya IBM, aliandika mwaka 1975 kwamba kuongeza watu kwenye mradi wa programu uliochelewa huuchelewesha zaidi. Sababu zake ni rahisi kuzifuata. Watu wapya wanahitaji kufundishwa, na wenye uwezo wa kuwafundisha ni walewale waliozidiwa na kazi. Zaidi ya hapo, mawasiliano huongezeka kwa kasi kuliko idadi ya watu. Watu saba wana jozi 21 za mazungumzo zinazowezekana kati yao. Ukiwafikisha kumi, jozi zinakuwa 45. Umeongeza mikono kwa chini ya nusu, na nafasi za kutoelewana zimezidi maradufu.

Ukifikiri kuigawa timu iwe mbili ili kupunguza msongamano huo, kumbuka pia alichokieleza mtaalamu wa kompyuta Melvin Conway mwaka 1968: shirika hutengeneza mifumo inayofanana na muundo wa mawasiliano yake. Popote utakapochora mpaka kati ya timu hizo, mpaka huohuo utajitokeza ndani ya programu, kwa hiyo uchore pale ambapo programu yenyewe ingependa kugawanyika.

Mwendee mkurugenzi wako ukiwa na karatasi moja. Upande mmoja andika vipengele ambavyo vikiondolewa kwenye toleo la kwanza tarehe ya sasa itawezekana. Upande wa pili andika tarehe mpya endapo hakuna kitakachoondolewa. Eleza kwamba wahandisi watatu utawapokea kwa shukrani, lakini wataanza na kazi zisizo kwenye njia ya mradi huo, ili waujue mfumo taratibu bila kuwasimamisha waliomo. Wakurugenzi wengi huukubali ukweli wa namna hii unapoletwa mapema na ukiwa na njia mbadala. Wasichokisamehe kwa urahisi ni kuusikia wiki ya kukabidhi.

Umeuliza njia hii inaelekea wapi. Kwa kawaida baada ya meneja wa timu moja huja meneja wa mameneja, kisha mkurugenzi wa uhandisi, na juu yake, katika kampuni kubwa, makamu wa rais na afisa mkuu wa teknolojia. Vyeo hutofautiana, lakini ufa mkubwa uko mahali palepale katika kila kampuni: pale unapoanza kuwasimamia mameneja. Hapo huioni tena kazi kwa macho yako, unaiona kupitia masimulizi ya watu wenye sababu ya kukupendeza, na ugumu wako mkuu unakuwa kuupata ukweli. Nafasi hizo ni chache na hupungua kadiri unavyopanda. Kuna watu wanaosimamia timu moja maisha yao yote ya kazi, wakiifanya vizuri na kwa furaha, na sioni upungufu wowote katika hilo. Wala usidhani umeneja una usalama kuliko ufundi. Mwaka 2023 kampuni ya Meta, inayomiliki Facebook, ilipunguza tabaka za usimamizi na kuwataka mameneja wengi warudi kufanya kazi za uhandisi. Utaona pia kwamba kurudi si jambo la aibu wala la ajabu katika fani hii. Wapo waliokwenda na kurudi zaidi ya mara moja, na kila upande ukawanoa kwa ajili ya mwingine.

Hata hivyo sitaki kukupamba maneno. Urahisi wa kurudi unategemea muda na mahali ulipo. Baada ya miaka miwili au mitatu, mtu aliyeendelea kusoma msimbo na kukaa kwenye mijadala ya usanifu huhitaji miezi michache ya kujinoa, na kwa kampuni mpya atalazimika kujiandaa kwa majaribio ya usaili kama mhandisi mwingine yeyote. Miaka ikizidi sana, pengo hupanuka na huenda ukarudi kwa cheo cha chini kidogo. Na katika kampuni ndogo isiyo na ngazi ya ufundi, kurudi kunaweza kugusa mshahara wako.

Ushauri wangu, basi, ni kwamba uache msimbo wa usiku wiki hii, wala usisubiri mradi uishe, kisha uipe kazi hii miezi kumi mingine ukiwa meneja kamili. Muda huo unatosha kuajiri, kumwona mtu akikua, na kupitia duru nzima ya tathmini. Njiani jichunguze. Mhandisi wako akisifiwa kwa jambo ulilomwandalia njia, je, unafurahi, au unatamani ungelifanya wewe? Mazungumzo magumu yanakuchosha lakini unayaendea, au unayaahirisha hadi yaoze? Mtu anayeendelea kuyaahirisha baada ya mwaka na nusu, na ambaye siku zake nzuri ni zile tu seva zinapoanguka akapata kisingizio cha kushika kibodi, anawaumiza watu saba kwa kubaki. Huyo namshauri arudi, na arudi akiwa na nguvu, si siku aliyoishiwa. Akubaliane na mkurugenzi tarehe, asaidie kumpata mrithi, na ikiwezekana ahamie timu nyingine, kwa sababu kukaa chini ya meneja mpya katika timu uliyoiongoza ni mzigo kwenu wote wawili.

Mambo mengine hayatatuliwi kwa barua. Tafuta meneja mwenye uzoefu ambaye si bosi wako, ndani au nje ya kampuni, uonane naye ana kwa ana mara moja kwa mwezi. Mahangaiko mengi ya mwaka wa kwanza hupungua yakisikilizwa na mtu aliyeyapitia. Mfanyakazi wako akikueleza habari za unyanyasaji au ugonjwa mzito, au ukifikia hatua ya kumwachisha mtu kazi, usiamue peke yako. Nenda kwa watu wa rasilimali watu siku hiyohiyo. Na kuhusu wewe mwenyewe: ukishaacha kazi ya usiku, usingizi unapaswa kurejea. Zikipita wiki mbili bado hulali, huna hamu ya chakula, unawakaripia watoto bila sababu au huoni furaha katika chochote, usiliite hilo tatizo la kazi. Muone daktari.

Na katika kikao hichohicho cha kuzungumzia wale wahandisi watatu, mwombe mkurugenzi akuthibitishie kwa maandishi kama kampuni yenu inamruhusu meneja kuhamia ngazi ya ufundi inayolingana na cheo chake, na kama mshahara hubaki palepale. Mwambie wazi kwamba hujaamua kuondoka, ila unataka kujua mlango uko wapi. Ni afadhali ulijue jibu hilo sasa kuliko kulikisia kwa miezi kumi.